Reli Niliyokataa Kuiyeyusha

Sogeeni karibu, wanangu, mkae hapa hapa kitandani, na wewe mama yao usininyamazishe, maana daktari amenikataza kutembea, mdomo hakuutaja, na leo moyo unanienda mbio kama siku ile ya treni.

Mnajua nilianza na tanuri moja la kuyeyushia vyuma chakavu, mimi na baba yenu mdogo, tukitengeneza majembe na bawaba za milango, hadi kiwanda kikaajiri nusu ya mtaa. Ndipo serikali ikaamua kung'oa reli ya kwenda kwetu kijijini, ikatuuzia sisi tuiyeyushe. Baba yenu mdogo alirukaruka kama mtoto. Mimi nikaenda kuitazama, nikainama, nikakwangua kutu kwa ufunguo wa gari, nikaona chuma chini yake kinang'aa, kizima kabisa, nikamwambia, "Hiki si chakavu, ndugu yangu, na hatukiyeyushi." Akaniuliza kama nimerogwa. Tukagombana mbele ya wafanyakazi, akachukua fungu lake akaondoka, na kwa miaka mingi salamu yetu ikawa kupungiana mkono kwa mbali.

Nikagombea ubunge kwa ajili ya reli hiyo tu, ili irudishiwe treni. Kwenye mikutano, reli, bungeni, reli, hadi wenzangu wakanibandika jina la Bwana Mataruma, yale magogo ya kulazia reli, na kila nikiinuka wananipigia honi kwa midomo. Siku moja waziri akachoka, akasema, "Haya, kama unaijua sana, njoo uiendeshe mwenyewe." Alidhani ananikomesha. Nikaacha ubunge, nikashika shirika la reli, paa linavuja, simu hazifanyi kazi, na kila asubuhi nikawa naanzia karakana, ofisi baadaye.

Mama yenu ni shahidi wa safari ya kwanza. Tulipanda mbele, kwenye chumba cha dereva, yeye na mkoba wake mapajani. Kilimani magurudumu yakateleza, treni ikasita. Dereva akamwaga mchanga relini ili magurudumu yashike, ikakoroma, ikapanda, na abiria wakaimba madirishani mpaka wakapwelewa na sauti. Stesheni ya kwetu nikamwona baba yenu mdogo, amevaa suti, nisijue amekuja kunipongeza au kunicheka. Akaingia behewani, akakaa, akapapasa kiti, akasema, "Kaka, mimi ningeiyeyusha hii." Nikamwambia, "Najua. Sogea nikae."

Sasa shikeni haya. Kiwanda ni cha dada yenu mkubwa, kwa kuwa anajua joto la tanuri kwa kutazama rangi tu, na kisiuzwe. Kitinda mimba, nyumba ni yako, ila usimwondoe mama yako jikoni kwake hata ukioa malkia. Baba yenu mdogo mrudishieni nafasi yake kiwandani, na akibisha mwacheni abishe, ndiyo raha yake.

Nipeni maji... Ahsante. Mnizike nyumbani, mnipeleke kwa treni, behewa la kawaida. Ila isicheleweshwe kwa ajili yangu, abiria wana shughuli zao. Mkikuta imeondoka... basi, nitapanda ya kesho.

Msicheke, nasema kweli. Au chekeni... chekeni tu. Mungu awafungulie njia, wanangu. Awape afya, awape... Shikaneni mikono niwaone. Hivyo. Hivyo hivyo.