Fundi Celestin na Rafadha ya Mpira

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Jumanne iliyopita, kule Chonyonyo, tulimzika fundi Celestin Mbonimpa. Alikuwa na miaka sitini na minne. Ndiye aliyeitengenezea boti ya kijiji rafadha ya mpira. Rafadha ni ile feni ya chini ya maji inayosukuma boti.

Ilikuwa mwaka 1988, kwenye ziwa dogo upande wa Kyerwa. Mapanga ya chuma ya rafadha yalikuwa yanavunjika kwenye mawe, na spea hazipatikani. Celestin akakata mapanga mengine kwenye mkanda mnene wa mpira wa mashine. Mpira haukuvunjika. Lakini ulipinda. Unapinda kiasi gani? Hapo ndipo hofu yake ilipoanza.

Karibu na ziwa palikuwa na tangi la kuoshea kahawa. Akalijaza maji, akafunga injini ukingoni. Mbele ya mapanga akasimamisha vijiti sita vya matete, kila kimoja mbali kidogo kuliko mwenzake. Panga likipinda, linavunja kijiti. Injini kwa nusu ya nguvu, vijiti viwili. Robo tatu, vinne. Kabla hajajaribu nguvu yote, watu wakaja mbio. Binti yake Joviana, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili sasa. Lazima avushwe, apelekwe hospitali Nyakahanga.

Wakafunga kwenye boti rafadha ileile ya mpira. Wakamfuata. Wakati wa kurudi, upepo ukageuka. Hatibu, dereva wa boti, anakumbuka:

"Tulikuwa tunasukumwa kwenye mafunjo, walikolala viboko. Nikasema, mzee, niongeze mafuta! Akanishika mkono. Akasema, usiongeze, nguvu yote hatujaipima. Joviana analia, Baba, nakufa. Na mzee hauachii mkono wangu."

Walivuka kwa saa tatu badala ya moja. Joviana alipona. Mtoto hakupona.

Celestin hakuligusa tangi miezi minne. Hakula vizuri. Alijiuliza, je, angemruhusu Hatibu kuongeza mafuta, mtoto angepona? Joviana mwenyewe ndiye aliyemwendea.

"Nilimwamkia, shikamoo Baba. Nikamwambia, iwashe injini kwa nguvu yote, nione. Akawasha. Vijiti vyote sita vikakatika. Panga likakunjika kama jani la mgomba, likang'oka. Nikasema, Baba, tungebaki majini wote. Akakaa chini palepale kwenye matope, akalia."

Baadaye alitengeneza mapanga mapya, mazito kwenye shina, membamba kwenye ncha. Akayapima kwa nguvu yote, siku kumi na moja mfululizo. Yalivusha watu miaka sita. Lakini hofu haikumtoka. Boti ikiondoka, alisimama ukingoni mpaka aione imefika.

Mama Anonciata, mjane wa marehemu, poleni sana. Dada Joviana, poleni. Nasi tuliovuka ziwa lile tukipiga soga, leo tunyamaze kidogo. Tumfikirie aliyebaki ukingoni amesimama, anatuhesabu.