Kamba ya Katani ya Mwalimu Tryphena

Miaka ishirini na saba, karibu yote katika darasa la pili. Mwalimu Tryphena Mkamburi alianza kazi shuleni kwetu hapa Voi Januari 1932, na anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1958. Amewaona wakuu sita wa shule wakija na kuondoka, na ndovu mmoja aliyemaliza tangi letu la maji.

Sisi walimu wengine tulishika fimbo. Yeye alishika kamba ya katani. Mtoto mtukutu alitundikiwa yake ukutani. Kila asubuhi iliyopita bila ugomvi ilipata fundo, na Mwalimu alitaja mbele ya darasa jambo jema alilolifanya mtoto. Mafundo matano yalimpa heshima ya kugonga kipande cha reli, ndiyo kengele yetu. Siku mbaya haikupata fundo, lakini la jana halikufunguliwa kamwe. Tulimwita Mama Mafundo. Aliyecheka zaidi ni mimi ninayesema hapa.

Mwaka 1952 aliletwa Katunge wa mtaa wa Kaloleni, hapa hapa Voi, miaka minane, binti wa fundi wa reli. Aliuma wenzake na kuvunja vibao. Kamati ya shule ilimpa muhula mmoja: abadilike au aondoke. Wiki mbili za kwanza alizidi. Tryphena hakutikisika, na kufikia wiki ya sita kamba ilikuwa na mafundo kumi na moja.

Kisha Mwalimu akaugua malaria, nikashika darasa lake. Katunge alimsukuma mwenzake. Nilimchapa, halafu nikayafungua mafundo yote, moja moja, akinitazama. Kabla ya adhuhuri aliuma tena. Kesho yake hakuja.

Tryphena aliporudi aliniambia tu, "Zile asubuhi kumi na moja, Mwalimu, alizishinda kweli. Unazifutaje?" Akaenda Kaloleni kwa miguu, akayafunga mafundo yote upya mbele ya baba mtu, akamrudisha mtoto. Kwa kamati hakunitaja.

Nilipaswa kujua. Mimi ni mtoto wa Kasigau. Katika vita vile vya kwanza vya Wajerumani, Waingereza walituhamisha sote hadi Malindi kwa kosa la wachache, mwema na mkosaji bila kutenganishwa, na nimezeekea mbali na mlima wetu.

Mwezi uliopita Katunge alifanya mtihani wa darasa la nane. Leo ndiye atakayegonga reli. Kabla hajaigonga, Mwalimu, nakuomba radhi mbele ya wote, na yeye pia namwomba, kwa miaka sita niliyonyamaza.

Asante. Upumzike kwa raha na afya kwenu Sagalla, na asubuhi zako zote ziwe njema.