Punje Arobaini na Tatu za Bwana Kihwele

Bwana Liberatus Kihwele, karani mkuu wa hesabu za wagonjwa katika ofisi yetu ya afya ya mji hapa Mbeya, anastaafu tarehe 30 Juni 1959, baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja kamili. Ndani ya miaka hiyo hakuchelewa kazini hata siku moja. Sisi wengine tulimsaidia kwa kuchelewa kwa niaba yake.

Alianza kazi kwao Iringa mwaka 1928, wakati wa kampeni ya kuua panya kwa hofu ya tauni. Kila kijiji kilitakiwa kuleta mikia ya panya, na kila aliyeleta mikia ishirini alipewa kipande cha sabuni. Karani huyu kijana alikuta kijiji kimoja kimeleta mikia mia mbili kwa wiki. Bwana Afya akafurahi sana. Liberatus yeye akachukua mkia mmoja, akaunusa, akauweka kwenye makaa. Ukaiva. Ulikuwa mzizi wa kiazi kitamu uliofukizwa moshi, na inasemekana alimalizia kuula pale pale kabla ya kuandika taarifa. Tangu siku hiyo jina la kazi yake likawa "kusafisha hesabu", kazi ambayo wengi wetu tulidhani hufanywa kwa sabuni.

Alihamishiwa Mbeya mwaka 1947. Mhehe huyu aliwasili na mkewe, Mama Paskalina, sanduku moja, na imani kwamba ndizi si chakula. Sisi Wanyakyusa tulimsamehe, tukijua mtu hawezi kukosea hesabu za wagonjwa na za chakula kwa wakati mmoja. Mwaka 1952 akatundika ukutani ramani ya mji, aliyoichora mwenyewe juu ya shuka la wodi, akataka kila mgonjwa awekewe alama mahali anapoishi, ili ugonjwa uonekane unakotokea. Pini tulizoagiza Dar es Salaam hazijafika mpaka leo. Mama Paskalina alipoona mumewe anapiga miayo mbele ya shuka tupu, akampa debe la maharage. Mekundu yakawa malaria, ya madoadoa kuhara, meupe homa ya matumbo, na yote yakabandikwa kwa uji mzito. Wakati wa mchana wageni walidhani ni jiko.

Hapa sina budi kujitaja, ingawa sherehe si yangu. Mimi ndiye niliyekuwa, na bado ndiye, karani wa mapokezi. Kila mgonjwa hupita mezani kwangu, namwandika jina, ugonjwa na makao. Mwanzoni niliuliza nyumbani kwa mgonjwa ni wapi, na kila mtu alinijibu kwa uaminifu. Ndugu zangu, nani kati yetu ana nyumbani mjini? Mjini ni mahali pa kazi. Nyumbani ni kule alikozikwa babu. Kwa hiyo hesabu za mwaka 1953 zilionyesha kwamba waliougua ni wa Tukuyu, Njombe, Chunya na Madibira, na katika mji wa Mbeya hakuugua mtu hata mmoja. Bwana Mganga, mkuu wa ofisi yetu, alijiandaa kupeleka habari hizo kwa wakubwa. Bwana Kihwele akamwomba kwa adabu afungue dirisha, asikilize, kisha amwambie wanaokohoa pale nje ni wa mji gani.

Nikaelekezwa kubadili swali. Nikaanza kuuliza mgonjwa atapatikana wapi hapa mjini. Na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana mitaa yetu haina namba, na kila mtu ana mahali pamoja anapopatikana: kwa Mama Sekela.

Asiyemjua Mama Sekela hajafika Mbeya. Banda lake la uji wa ulezi liko karibu na soko, pale malori ya Chimala na Makongolosi yanapopakia. Ukitaka kumwachia mtu ujumbe, kofia au kuku, unamwachia yeye. Basi nikaandika "kwa Mama Sekela", na nikaandika tena, na sikuona ajabu yoyote, kwa sababu mimi mwenyewe ukinitafuta saa nne asubuhi utanipata huko.

Mwezi Machi 1956 ikaingia homa ya matumbo. Wagonjwa arobaini na watatu. Punje nyeupe arobaini na tatu zikapanda juu ya banda moja la nyasi kwenye ramani, hadi zikawa kilima, na kila mlango ulipofungwa kwa nguvu kilima kiliporomoka. Waheshimiwa wa baraza la mji walikuja, wakaona, wakaamua bila kuketi. Banda livunjwe na kuchomwa Jumatatu ya pili, na mwenye banda asiuze tena chochote mjini. Mama Sekela ni mjane mwenye watoto watano, wote wakisoma kwa uji ule ule. Alipoletewa habari alijibu kwamba kama watu arobaini na watatu wanalala kwake, waje wamwonyeshe walikojificha, maana banda lina kigoda kimoja na paka wa jirani hukosa nafasi.

Bwana Kihwele aliomba siku saba. Alipoulizwa dhamana yake ni nini, aliweka mezani kofia yake ya kazi, akasema ramani ni yake, na ikithibitika ni ya kweli banda livunjwe, na ikithibitika ni ya uongo yeye arudi Iringa bila kofia wala kazi, lakini banda lisiguswe. Kwa maneno mengine, alijiombea kufukuzwa. Waheshimiwa wakamkubalia haraka.

Siku ya kwanza alisafisha daftari langu. Alijua nina tabia ya kumwandika mtu mara mbili, kwa sababu mwaka mmoja kabla nilimwandika Eliezeri wa Majengo kwa jina la ubatizo asubuhi na kwa jina lake la nyumbani, Andendekisye, jioni, na Andendekisye, asiyeonekana tena, akahesabiwa kufa ilhali Eliezeri alikuwa amesimama mbele yangu akidai dawa yake. Basi kila jina lililotokea mara mbili alilifuta la kwanza, akabakiza la mwisho. Majina aliyoyafuta aliyaandika pembeni kwenye karatasi chakavu, kwa kuwa mtu huyu hatupi hata takataka bila orodha.

Siku tano zilizofuata tulitembea. Yeye mbele na punje mfukoni, mimi nyuma na shuka kwapani, mvua juu yetu sote. Kila mgonjwa tulimfuata mpaka anapolala kweli. Punje moja ikahamia Majengo, nyingine Mwanjelwa, nyingine juu mlimani, nyingine nyumba ya mzee wa kanisa aliyeapa hajawahi kuwa jirani wa mtu. Tulipomaliza, kilima cha Mama Sekela kilikuwa kimekwisha, ila punje zilikuwa zimetawanyika mji mzima kama zilizomwagwa na kichaa. Hakuna kisima kimoja, hakuna mfereji mmoja. Ramani ya kweli haikusema kitu. Kitu pekee walichoshiriki wote bado kilikuwa ule uji, na bila chanzo kingine, baraza lilikuwa na kiberiti tayari.

Asubuhi ya siku ya saba tulikuta jambo jipya. Paa la ofisi linavuja, kama mjuavyo, shuka lilikuwa limelowa wiki nzima, na maharage yalikuwa yameota. Homa ya matumbo ilikuwa na majani mawili mawili. Malaria ya miaka minne ilikuwa inatafuta mti wa kupandia. Bwana Mganga aliingia, akaitazama bustani ile, akatoka na kofia ya Bwana Kihwele, akaiacha yake mezani.

Mama Sekela alikuja saa hiyo hiyo kujiombea, akakuta tunapalilia. Alitucheka kwanza. Kisha akaanza kulalamika. Alisema tunamchomea banda bure, wakati sisi ndio tunaomharibia biashara siku zote. Uji wake unachemka tangu alfajiri, lakini wateja wanaotoka kwenye benchi letu huja wakiwa wameshajaza tumbo kwa maji yetu ya bure, na hununua nusu kikombe.

Bwana Kihwele aliacha kupalilia. Akaenda kwenye meza, akachukua ile karatasi chakavu ya majina aliyoyafuta, akaanza kuhesabu kwa kidole. Arobaini na tatu. Kila mgonjwa wa homa alikuwa ameandikwa mara mbili, na safari hii sikuwa nimekosea. Wiki mbili au tatu kabla ya kuugua, kila mmoja alikuwa amekuja kwetu kwa jambo lingine: jino, kidonda, chanjo ya ndui. Alikaa kwenye benchi, akachota maji ya birika letu la uani kwa kikombe chetu cha bati. Karani bora wa Nyanda za Juu alikuwa amesafisha hesabu mpaka akaliondoa jibu lenyewe.

Akang'oa punje moja iliyoota, akaibandika juu ya ofisi ya afya.

Birika lile la saruji lilikuwa na ufa upande wa choo. Kwenye kadi yake, kila mwezi kwa miezi kumi na minne, pameandikwa "limekaguliwa". Mwandiko ni wangu. Nilikuwa nalikagua kutoka dirishani.

Baraza lilipokuja ofisini kwetu, nilisubiri jina langu lisomwe. Bwana Kihwele badala yake alinipa brashi, akaniagiza niingie birikani. Kwa hiyo hukumu niliisikia nikiwa ndani, nimepiga magoti. Waheshimiwa walipouliza huyo mkaguzi yuko wapi, alijibu kwamba yupo kazini, analikagua sasa. Banda halikuguswa. Ramani ilikuwa imethibitika kuwa ya uongo, na kama alivyoahidi, akasukuma mbele kofia iliyokuwa mezani waichukue. Bwana Mganga akasema hiyo ni yake, na ya Bwana Kihwele haiwezi kuchukuliwa kwa sababu ameivaa yeye. Wagonjwa wote arobaini na watatu walipona, na mimi nikatoka birikani siku ya pili.

Ile miche Mama Sekela aliihamishia nyuma ya banda lake. Maharage mtakayokula leo kwenye sherehe ni uzao wake wa tatu. Kuleni bila wasiwasi, yamechemshwa.

Wiki iliyopita Bwana Kihwele alijaza fomu ya kustaafu. Anarudi shambani kwake Ifunda, ambako posta haifiki lakini lori la kutoka sokoni kwetu hupita. Miaka yote ametufundisha kuandika mtaa, jirani na mahali mtu anapolala. Nilipopokea fomu, kwenye nafasi ya makao nikakuta ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Kwa Mama Sekela." Nimeipeleka bila kuisafisha.

Ndaga fijo, ndiyo asante sana ya kwetu, Bwana Kihwele, na ahsante kwa Mama Paskalina kwa debe la maharage. Mungu awape mvua ya kiasi, paa lisilovuja, na siku nyingi za kuandikwa mara moja moja. Tukikuhitaji, tunajua unakopatikana.

Jailos Mwambene
Karani wa mapokezi, na mkaguzi wa birika