Mama Marceline na Lengo Lililopunguzwa Katikati ya Mwaka

Tarehe 31 Julai 2025, Mama Marceline Nyembo anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika Ushirika wetu wa Tusangale, hapa Kamina. Alianza akipokea vitunga vya samaki wa moshi kutoka Ziwa Kisale, na anaondoka akiwa mkuu wa timu ya ununuzi. Wengi wetu tumefundishwa kazi naye, pamoja na huyu anayeandika.

Wageni walipomwona mkutanoni mara ya kwanza walidhani amelala. Alikuwa akitazama dirishani, macho yamelegea, mikono imetulia mapajani, na hesabu za mauzo zikisomwa kama mvua ya mbali. Mkurugenzi wetu, Baba Amédée, alishazoea. Alijua kwamba Mama akirudi kutoka huko alikokwenda, huja na swali. Nasi tulilifahamu swali lenyewe: je, kile tulichokiota mwezi wa kwanza, bado tunakiota?

Kwa miaka mingi lilikuwa swali la kutuchekesha. Kisha ukaja mwaka ule tuliojiwekea lengo kubwa kupita yote. Familia za wanajeshi kwenye base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina, zilikuwa zimeongezeka, watu kutoka kila pembe ya Kongo, na wote walitaka samaki wa Kisale. Bodi ikatuongezea vitunga maradufu. Ikasema pia kwamba kituo chetu cha Sanga, kando ya ziwa, kisipofikia lengo hadi Desemba, kitafungwa. Kituo hicho ndicho kilicholisha nyumba za akina mama wanaokausha samaki kule, wakiongozwa na Mama Lydie.

Nusu ya mwaka ilipofika, tulikuwa nyuma. Mama Marceline alikataa kuifanyia tathmini ofisini. Akanichukua, tukashuka kwa treni hadi Bukama, kisha kwa mtumbwi hadi Sanga. Tulifika asubuhi ya kiangazi, ukungu umelala juu ya maji, na visiwa vya mafunjo vikisogea taratibu bila mtu kuvisukuma. Moshi wa vibanda ulipanda na kupotea kwenye weupe ule. Ilikuwa vigumu kujua ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Mama Lydie alitufunulia kitunga. Samaki waliokuwa ndani walikuwa wadogo kama vidole.

“Munatuomba bitunga mingi, Mama,” alisema kwa upole. “Bakubwa banaisha. Hii njo batoto yabo.”

Mama Marceline alimchukua mmoja, akamlaza kiganjani. Hakumlaumu mtu. Aliomba tu apelekwe mahali samaki hao walipovuliwa, akazunguka kwenye mafunjo mpaka jua likatoboa ukungu.

Tukirudi, treni ilipokuwa ikipita Luena, aliniambia kwamba anaogopa. Kama tutaendelea, ziwa litakwisha. Kama tutapunguza, huenda bodi ikafunga kituo, na akina mama wa Sanga watasema ni yeye aliyewanyima chakula. Hakulala safari nzima. Alitazama vichaka vikipita, na safari hii nilijua haoti.

Kabla ya kwenda kwa bodi alipita kwanza kwenye base kwa Mama Carine, mke wa askari na muuzaji mkubwa wa samaki wetu. Carine alimweleza kwamba wateja wake hawataki samaki wadogo, na kwamba kinachokosekana sokoni kwao hasa ni maharage. Mama akaondoka pale na wazo.

Mbele ya bodi alisimama bila karatasi.

“Ile objectif ya mwezi wa kwanza ilikuwa muzuri,” alisema. “Lakini sasa tuko tunaifikia na batoto ya samaki. Tukiifikia vile, mwaka yenye kuya hatutakuwa na samaki ya kuloba mu ziwa.”

Akaomba lengo la samaki lipunguzwe nusu, na timu itumie miezi iliyobaki kununua maharage ya wakulima wa Kabondo-Dianda. Mabishano yalikuwa marefu. Baba Amédée alisimama upande wake, na bodi ikakubali shingo upande.

Haikuwa rahisi. Maharage ya kwanza yalinyeshewa njiani, kwenye barabara ile tunayoijua sote, yakachipua ndani ya magunia. Wenzetu kadhaa walikata tamaa, wakaacha kazi. Na cheo cha naibu mkurugenzi, ambacho Mama alikuwa ameahidiwa, alipewa mwingine. Hatukumsikia akilalamika. Lakini kituo cha Sanga hakikufungwa, na msimu wa pili baada ya mwaka huo Mama Lydie alituletea samaki ambao kichwa na mkia vilitokeza nje ya kitunga.

Tangu hapo hakuna timu ya Tusangale inayofika Desemba bila kusimama katikati ya mwaka na kujiuliza.

Mwezi huu wa saba, tathmini iliongozwa na Ariane, anayeshika nafasi yake. Mama alikaa nyuma, dirishani. Miongoni mwa malengo kulikuwa na moja alilolipenda sana, la mwisho alilotuwekea: kujenga ghala la maharage Kabondo-Dianda kabla ya mvua. Daraja la huko limevunjika. Ariane alisimama, akasema ghala lisubiri mwakani. Chumba chote kikamgeukia Mama.

“Badirisha, mutoto yangu,” alisema. “Sasa iko yenu.”

Mama Marceline, wafwako, asante sana. Umetufundisha kazi, na umetufundisha kuota tukiwa macho. Vidye, Mungu wetu, akujalie asubuhi nyingi za polepole, afya njema, na wajukuu wa kukuzunguka. Nenda kwa amani, Mama yetu.