Waliomjaribia Kinyozi Dawa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha kinyozi. Ukikaa upande wa mlangoni, nywele za watu zinakupanda hadi shingoni. Wanakaa hapo wanaume watatu ambao nyumbani kwao mchana hawatakiwi. Wa kwanza ni Mhuri, karani mstaafu, aliyegonga mihuri ofisini maisha yake yote na mpaka leo hawezi kusema neno bila kupiga goti lake kwa ngumi. Wa pili ni Mawimbi, fundi redio, na redio alizofungua ni nyingi kuliko alizowahi kufunga. Wa tatu tunamwita Shahidi, kwa kuwa halijatokea jambo hapa mtaani, liwe ajali, fumanizi au moto, yeye asiwepo. Mwenye kibanda ni Kinyozi, mtu mpole, hutoka kukaa nao kila kiti chake kikiwa hakina mteja. Mimi nauza kahawa, na nakaa mbele yao kwenye kigoda changu. Kwa kuwa sikai benchini, sina kura. Hiyo ndiyo sheria yao: ubishi wowote unakatwa kwa kuinua mikono, la sivyo wangelala hapo hapo.

Sasa, Kinyozi ameanza kusahau. Mwanzo tulicheka. Alikuwa akimaliza kumnyoa mtu, anampangusa, halafu anamkaribisha upya na kumfunga shuka shingoni. Kisha ikaja zamu ya mwalimu mkuu. Kinyozi alimnyoa ndevu shavu moja, akafuta wembe wake vizuri, akaenda kwake kula. Mwalimu mkuu alisubiri mpaka povu likamkaukia, akatoka nje kutuuliza kulikoni. Shahidi akamwambia kwamba ndivyo watu wanavyonyolewa siku hizi, na kwamba imemkaa. Yule baba wa watu akaenda kusimama mbele ya wanafunzi wake akiwa nusu kijana nusu mzee.

Kinyozi ana binti mmoja, muuguzi, mwanamke asiye na mchezo. Habari zilipomfikia alikuja na kufuli. Alisema mtu anayesahau shavu la pili, ipo siku atasahau shavu linaishia wapi na koo linaanzia wapi. Na alisema kweli. Kinyozi naye hakubishana. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida:

— Ukinifungia, mwanangu, asubuhi nikiamka niende wapi?

Binti akatazama pembeni. Mwishowe wakakubaliana. Kulikuwa na watafiti wa chuo waliokuwa wakijaribu dawa ya majani, ya kuzuia watu wasipoteze kumbukumbu, na walikuwa wanatafuta wazee wa kuinywa. Baba yake angeandikishwa. Mradi anainywa kama alivyoagizwa, kibanda kitabaki wazi, na wembe atashika kijana wa kuajiriwa huku yeye akisimamia. Akishindwa hata kunywa dawa, basi, kufuli.

Mtafiti akaja mwenyewe kuleta chupa. Ni binti mwembamba mwenye miwani, anaongea polepole kama anayevuka matope. Akatueleza wote, kwa kuwa hakuna aliyeondoka. Mmea wenyewe ni ule unaotambaa pembeni mwa mitaro, ambao mimi nimeung'oa uani kwangu tangu nikiwa na meno yote. Wanauchemsha na kuukamua, wakawapa panya. Panya wakatiwa kwenye beseni la maji lenye kijiwe kilichofichwa chini. Waliokunywa walikumbuka kijiwe kilipo wakakipanda, wasiokunywa wakazunguka na kuzunguka. Hayo ni ya panya, akasema. Kwa watu hawajui bado, ndiyo maana wanajaribu. Baadhi ya chupa zina dawa, na baadhi zina maji yaliyotiwa rangi na uchungu tu, na hata yeye hajui ipi ni ipi. Kinyozi anywe kijiko asubuhi na kijiko jioni, yeye peke yake, mpaka atakaporudi kumpima. Akatuaga kwa heshima. Alikuwa hajakata kona Mhuri akapiga goti.

— Mmesikia wenyewe. Mtu mzima anapewa maji ya rangi.

— Si lazima yawe maji, akasema Kinyozi. Inaweza kuwa dawa.

— Na isipokuwa dawa? Utakunywa, utakunywa, huku unasahau vizuri tu.

— Amesema hata yeye hajui.

— Mtu akikwambia hajui kilichomo kwenye chupa aliyoileta mwenyewe, huyo anajua.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mhuri alisema ofisini kwao karatasi haikupita bila kukaguliwa, sembuse kitu cha kuingia tumboni mwa rafiki. Mawimbi akaiweka chupa juu ya redio na kugeuza kitufe. Redio ikakwaruza. Akasema hiyo ni dalili ya dawa hai. Nikamkumbusha kwamba redio yake hukwaruza hata ikiwa imezimwa. Shahidi akasema vipimo vya mashine si kitu, ladha ndiyo ushahidi, akafungua kifuniko. Uchungu wake ulimkunja uso mpaka masikio yakasogea. Basi wakakubaliana ichanganywe na kahawa yangu, kila mmoja kijiko, mgonjwa kwanza, halafu waone nani anakumbuka nini.

Niliwaambia chupa ni ya mgonjwa. Mhuri akanijibu kwamba sayansi inataka watu wengi. Nikamwambia hata wizi. Wakanywa.

Siku zile hapo benchini palikuwa hapakaliki. Mawimbi ndiye aliyeanza na mbuzi. Alisema mmea ule mbuzi wanaula kutwa kucha, na mbuzi huachiwa asubuhi wakazurura mtaa mzima, jioni kila mmoja anarudi kwao bila kuelekezwa. Je, kuna aliyewahi kuona mbuzi akiuliza njia? Hakuna. Shahidi akaongeza kwamba kuna mbuzi aliyemlia shati miaka ile, na mpaka leo wakikutana mbuzi huyo hutazama chini. Wakainua mikono. Ikapita kwamba mbuzi hawasahau.

Halafu dawa ikaanza kuwafanyia kazi, kwa maneno yao wenyewe. Mhuri alikumbuka jambo aliloambiwa na mke wake wa kwanza, akarudi nyumbani akamgombeza kwa hilo mke wa sasa, ambaye wakati huo alikuwa hajamjua. Akaja asubuhi na uso wa mtu aliyelala sebuleni, akasema dawa ni kali. Mawimbi alikumbuka mahali ilipo skrubu ya kila redio aliyowahi kuifungua. Wateja wakajaa kudai redio zao zifungwe. Kumbe skrubu zote ziko pamoja kwenye kopo moja, na hilo kopo ndilo hakulikumbuka.

Lakini Shahidi aliwashinda. Alikunywa, akafumba macho, akatwambia amekumbuka siku aliyozaliwa. Mkunga alivaa kandambili za rangi mbili tofauti, na mama yake alikuwa analalamika kwamba mtoto ana kichwa kikubwa.

— Hilo si la kukumbuka, nikamwambia. Hilo unaliona kwenye kioo.

Hakunisikia. Kesho yake alikuwa amefika kwenye harusi ya wazazi wake, amekaa safu za nyuma, sauti haifiki vizuri. Mhuri akamuuliza alihudhuriaje akiwa hajazaliwa. Shahidi akasema ndiyo maana walimweka nyuma. Kesho yake tena akavuka upande wa pili kabisa, akatangaza kwamba amekumbuka ya kesho, na kwamba kesho yeye atachelewa. Na kweli alichelewa. Mawimbi alipoona hivyo alimwachia nafasi yake ya kivulini.

Kinyozi alikaa katikati yao muda wote, akipokea vikombe na kupitisha. Ndivyo alivyo, mtu akikaa kibandani kwake ni mgeni wake. Kila asubuhi walisema mgonjwa kwanza, kisha wakaanza kubishana, na vikombe vikaenda huku na kule. Vikombe vyangu vinafanana vyote. Niliwaambia Kinyozi awe na kikombe chake cha bati, Mhuri akasema tusimtenge.

Siku moja wakaona wampime. Mhuri akakaa wima, akauliza mlango wa kibanda ulikuwa na rangi gani kabla ya hii nyekundu. Kinyozi akatabasamu, maana swali lilikuwa jepesi.

— Bluu. Niliupaka mwenyewe, na binti yangu alinishikia kopo.

Wale watatu wakatazamana. Mhuri akasema kijani. Mawimbi akasema kijani, ya majimaji. Shahidi akasema alikuwepo siku unapakwa, na ilikuwa kijani, na brashi ilikuwa na nywele zinazotoka. Wakainua mikono. Kijani ikashinda.

Mimi nakumbuka mlango ule. Ulikuwa bluu kama shati la mwanafunzi. Nikasema. Wakaniambia, kwa adabu kabisa, Bibi, wewe uko kwenye kigoda. Kinyozi akainuka, akachukua wembe wa zamani, akakwangua mlango karibu na bawaba. Chini ya nyekundu ikatokea bluu, bluu kabisa. Mhuri akainama, akatazama kwa miwani na bila miwani, kisha akasema kura imeshapita.

Kinyozi aliketi. Akatazama ule mkwaruzo, akatazama nyuso zao tatu zisizo na wasiwasi.

— Labda ilikuwa kijani, akasema.

Hilo lilinichoma kuliko shavu la mwalimu mkuu. Lakini wao walifurahi, maana sasa majibu yalikuwa wazi: wao wanakumbuka, Kinyozi hakumbuki. Kwa hiyo dawa ni ya kweli, inafanya kazi, na inafanya kazi kwa wazima. Mawimbi akapendekeza waongeze kijiko, ili wakumbuke na kwa niaba ya Kinyozi, wawe wanamkumbusha. Ikapita. Shahidi akasema hayo maamuzi aliyakumbuka tangu wiki iliyopita.

Mtafiti alirudi asubuhi ya mawingu, ameandamana na yule binti muuguzi. Binti alikuwa na mkoba wake, na kufuli lilikuwa ndani, nilisikia linavyogonga funguo. Mtafiti akasalimia wote, akaomba chupa. Kinyozi akaileta. Mtafiti akaitikisa karibu na sikio. Haikulia. Akaiinua kwenye mwanga, kisha akatutazama.

Mhuri ndiye aliyemweleza, akiwa amesimama, kama anayesoma taarifa ya mwaka. Alimweleza ukaguzi, redio, mbuzi, ongezeko la kijiko. Alimpongeza, kwa niaba ya benchi, kwa dawa nzuri. Mawimbi akamwambia habari ya skrubu, bila kopo. Shahidi akamwambia kwamba mkunga yule kandambili moja ilikuwa ya njano. Mtafiti, yule binti wa watu, alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka wala hakununa. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. Muuguzi alikuwa ameshaweka mkono ndani ya mkoba.

— Ngoja kwanza, dada, mtafiti akamwambia. Hawa wazee kwa kunywa kwao wameniharibia jaribio, lakini mgonjwa wangu ni mmoja. Kama alikuwa anakunywa chake asubuhi na jioni, namletea chupa nyingine, anaendelea. Kama hakuwa anakunywa, sina namna, namtoa.

Akageukia benchi.

— Yeye alikuwa anakunywa?

Mhuri akafungua mdomo, ngumi ikabaki juu ya goti. Akamtazama Mawimbi. Mawimbi alidhani kumnywesha asubuhi ni kazi ya Mhuri na jioni ni ya Shahidi. Mhuri alidhani Mawimbi ndiye mwenye kijiko. Shahidi, aliyekuwepo siku alipozaliwa, akaanza kusema kwamba alimwona kwa macho yake, akafika katikati ya sentensi akanyamaza. Sikuwahi kumsikia akinyamaza. Nami niliyekuwa nimekaa mbele yao kila siku, nikimimina kwa mkono wangu mwenyewe, nilijaribu kukiona kikombe mdomoni mwa Kinyozi. Niliviona vidole vyake vikipokea. Niliviona vikipitisha. Mdomo sikuuona.

Mtafiti akamgeukia mwenyewe.

— Baba, ulikuwa unakunywa?

Kinyozi alikuwa ameshika shuka la kunyolea, analikunja pembe kwa pembe. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, mpaka akanifikia mimi kwenye kigoda, kwa uso ule ule mpole, akisubiri tumwambie.