Timu Niliyoiondoa Fainali

Wapendwa, amani iwe kwenu. Wengi mnanijua kama mwalimu wa mpira wa kikapu, ila hamjui kwamba kikapu hichohicho nusura kiniangushe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, shule binafsi zinachipuka Mwanza kila upande. Moja ilinichukulia wasichana wanne wa timu yangu kwa mkupuo, warefu wote, ikawaahidi kusoma bure. Wazazi wao ningewalaumu vipi? Lakini mkuu wangu wa shule hakutaka kusikia hayo. Alisema nisipoleta kombe la mkoa, timu atapewa mwingine.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: niliogopa. Nikaenda Nyakato nikamchukua dada mmoja wa kiwanda cha samaki, aliyemaliza shule zamani, nikamwandikisha kwa jina la mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Mamluki, kama tunavyowaita. Mwenye jina nikamwambia abaki nyumbani.

Tukashinda mpaka tukaingia fainali. Asubuhi ile, yule binti mwenye jina akaja uwanjani na sare zake za shule. Akaniamkia, kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, leo jina langu likishinda, na mimi nitakuwa nimeshinda?"

Nikawatazama wenzake wanapasha misuli. Wote walikuwa wanajua, na wote walikuwa wamenyamaza kwa ajili yangu. Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Nikaenda mezani kwa waamuzi nikasema, "Timu yangu ina mamluki. Nimemleta mimi."

Tulifungiwa mwaka mzima. Mkuu akanivua timu, na mtaani nikaitwa msaliti. Miezi kadhaa nilikuwa nazunguka njia ya mbali nisiuone uwanja. Aliyenirudisha ni binti yuleyule. Alipiga hodi kwangu Pasiansi na wasichana saba wa kidato cha kwanza, wafupi kama mnavyoniona mimi, akasema wanataka kufundishwa. Mkuu alikubali shingo upande, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewataka.

Kwa vile hawakuwa na kimo, niliwafundisha mbio na pasi. Adhabu ilipokwisha tukarudi, tukapanda mpaka fainali, na tuliyokutana nayo ni ile shule iliyonichukulia wanne wangu. Zikibaki sekunde chache tuko nyuma kwa pointi moja. Yule binti, sasa nahodha wa kidato cha nne, akapenya katikati ya wale warefu, akatumbukiza. Kipaza sauti kikamtaja kwa jina lake, naye akanigeukia akicheka. Mimi nilikuwa nalia.

Namshukuru fundi aliyetuchomelea ringi bila malipo, na mama aliyewapa wanangu uji kila baada ya mazoezi. Namshukuru sana binti yule, ambaye leo naye ni mwalimu. Na wewe mwenye kulea watoto, kabla hujatamani mrefu wa jirani, mtazame vizuri mfupi uliyepewa. Mungu alinipa saba, na mimi nilikuwa nawapita kila siku mlangoni pa darasa lao.