Dira Iliyong'arishwa

"Asiyeamini anyanyuke, ampishe mwenye akili," Tambo alianza, akaiweka dira ya shaba katikati ya vikombe. Ilikuwa asubuhi tulivu kijiweni, ubavuni mwa kibanda cha Fundi Saa: benchi lenye mguu mmoja wa tofali, birika la kahawa, na wabishi walewale. Tambo aliacha shule mapema, mdomo ukaendelea na masomo. Leo alitaka jambo moja: kujua babu yake alipigana vita gani. Mzee alikufa bila kusimulia, na shangazi mtu alikuwa anasubiri jibu.

— Babu alimpokonya ofisa hii, akasema Tambo. Tena mikono mitupu.

— Huyo ofisa alikuwa amelala? akauliza Dereva.

— Mwache ofisa apumzike. Nipeni mwaka.

Fundi Saa akabana lenzi jichoni, akafungua kifuniko.

— Hii ni kavu. Zenye mafuta ndani zilikuja baadaye. Kwa hiyo ni ya zamani.

— Zamani ipi?

— Ya kutosha. Mwenda pole hajikwai.

— Methali imeingiaje hapo?

— Mshale si unakwenda polepole?

Dereva akaifunika kwa kofia, akachungulia.

— Namba zilipakwa rangi ya kuwaka gizani. Hii ni ya jeshi la usiku. Wa mchana wangeuliza njia.

— Basi babu ndiye aliyewaongoza, Tambo akadakia. Bila yeye vita vyenyewe vingepotea.

— Juzi alikuwa mpishi wa kambi, akasema Fundi Saa. Ikifika adhuhuri atakuwa jenerali.

Shangazi akatokea, miwani mipya usoni. Wote wakamwamkia, wakasogea akae.

— Marahaba, wanangu. Yale maandishi ya nyuma yanasemaje? Utotoni nilikuwa nayapapasa kwa kidole, sijajua kusoma. Baba alikuwa ananiacha tu.

Fundi Saa akaigeuza. Mgongo ulikuwa laini kama kijiko. Akamtazama Dereva, naye Dereva akaitazama kahawa yake.

— Hapo ndipo wanapopiga mhuri, Fundi Saa akasema taratibu. Mwaka na namba. Mwenyewe naye hukwaruza jina.

Shangazi akapitisha kidole gumba, akarudia tena.

— Shangazi, akasema Tambo, kuna kipande nilikiruka. Jana niliipiga msasa, ili ing'ae nikija nayo hapa. Mikwaruzo niliiona. Nikadhani ni uchafu.